Mwamuzi na Msimulizi: Historia ya Ugomvi Mmoja wa Mezani

Mtu anayesimulia ngano ana mamlaka makubwa juu ya wahusika wake. Akitaka Sungura aokoke, ataokoka, akitaka Fisi atumbukie kisimani, atatumbukia, wala hakuna msikilizaji atakayesimama na kusema, "La, Fisi wangu hakupita njia hiyo." Hadhira huitikia, huimba kibwagizo, hucheka na kusikitika, lakini mwendo wa ngano umo mkononi mwa fanani. Mchezaji wa bao hana mamlaka hayo. Kete zake huenda kwa hesabu ya mashimo, na mwisho wa mchezo haujulikani mpaka utakapofika. Hatujapata kumsikia mtu akimwambia mpinzani wake katika bao, "Nakuomba uniachie ushindi, kwa maana hadithi itapendeza zaidi nikishinda mimi."

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya mchezo uliozaliwa nchini Marekani, ambao umewaketisha fanani na mchezaji wa bao kwenye meza moja na kuwataka wapatane. Hawajapatana mpaka leo. Ugomvi wao umedumu kwa zaidi ya miaka hamsini, na si ugomvi wa watoto. Sisi tunaofundisha Kiswahili kwa vijana ambao nyumbani huzungumza lugha nyingine, na ambao kila mwaka huwapa tamthilia iliyoandikwa neno kwa neno waikariri kwa ajili ya sikukuu ya shule, tunahusika nao zaidi ya tunavyodhani.

Kwa wale wasioujua, mchezo wenyewe ni hivi. Watu wanne, watano au sita huketi mezani. Mmoja wao hayuko upande wa wenzake: yeye ndiye ajuaye ramani ya nchi, mahali ilipofichwa hazina, na ni mnyama gani alalaye nyuma ya mlango upi. Waliosalia, kila mmoja ana mhusika wake, ambaye nguvu zake, akili zake na mali yake zimeandikwa kwa tarakimu katika karatasi. Mwenye ramani husema, "Mmefika mtoni, na daraja limevunjika." Wachezaji hueleza wahusika wao watafanya nini. Jambo likiwa la hatari au la mashaka, dadu hutupwa na kanuni za kitabuni huamua. Si lazima pawe na ubao, wala hakuna mshindi wa mwisho. Karibu kila kitu hupita kwa maneno ya mdomo. Kwa kukosa jina jingine lililozoeleka, tutauita mchezo wa wahusika.

Asili ya mchezo huu si ngano bali vita. Mwaka 1812 mwungwana mmoja wa Prussia, Baron von Reisswitz, alimwonyesha Mfalme Friedrich Wilhelm III mchezo wa vita uliochezwa juu ya meza yenye sura ya nchi. Mwanawe, aliyekuwa afisa wa mizinga, aliutengeneza upya na kuuchapisha mwaka 1824, safari hii ukichezwa juu ya ramani, nao ukaenea katika jeshi la Prussia kama njia ya kuwafunza maofisa. Kila upande ulimpelekea mwamuzi amri zake. Naye alitupa dadu, akatazama majedwali ya hasara, akawaambia yaliyotokea. Mwamuzi huyu ndiye babu wa kila mtu aketiye leo nyuma ya ramani. Na ugomvi wa kwanza ulizuka huko huko. Majedwali yalikuwa mengi na hesabu zilichosha, hata mwaka 1876 afisa aitwaye Verdy du Vernois akashauri kwamba mwamuzi mwenye ujuzi wa vita aachiwe aamue kwa busara yake, asifungwe na majedwali. Tangu siku hizo pakawa na makundi mawili: wanaoitumaini kanuni, na wanaoitumaini hukumu ya mtu.

Tunaruka miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, jimbo la Minnesota, kundi la vijana lilikuwa likicheza vita vya enzi ya Napoleon kwa askari wadogo wa madini. Mmoja wao, David Wesely, alikuwa amesoma kitabu cha afisa wa Kimarekani, Charles Totten, kilichotolewa mwaka 1880, na humo akakuta fikra kwamba mchezaji aruhusiwe kujaribu jambo lolote, hata lisilokuwamo katika kanuni, na mwamuzi aamue kama lawezekana. Basi akatunga mchezo juu ya mji wa Kijerumani wa kubuni, Braunstein, uliokuwa ukinyemelewa na majeshi. Badala ya kumpa kila mtu kikosi, wengine aliwapa vyeo vya raia: huyu meya, huyu mkuu wa chuo kikuu, na kadhalika, kila mmoja na haja zake za siri. Wesely alitazamia kwamba wangemwendea kwa zamu, kwa utaratibu. Wapi! Walianza kunong'onezana pembeni, wakadanganyana, wakaitana kupigana wawili wawili, na vita vyenyewe vikasahauliwa. Alirudi nyumbani akiamini kwamba mchezo wake umeharibika. Wenzake wakamwomba aurudie.

Yasimuliwa kwamba katika mchezo mwingine wa namna hiyo, uliowekwa katika nchi ndogo ya kubuni ya Amerika ya Kilatini, kijana Dave Arneson alikuja na vitambulisho vya uongo alivyovitengeneza mwenyewe, akawasadikisha wenziwe kwamba mhusika wake ni jasusi wa Marekani, na kwa ulimi mtupu akapata walichokuwa wakikitafuta kwa bunduki. Tungependa msomaji asimame hapa kidogo. Je, Arneson alikuwa akiigiza, au alikuwa akicheza? Alikuwa akifanya yote mawili kwa wakati mmoja. Aliigiza ili ashinde. Katika chumba kile hapakuwa bado na ugomvi, kwa sababu uigizaji ndio uliokuwa silaha ya mchezaji.

Arneson ndiye aliyeiteremsha michezo hiyo chini ya ardhi. Kuanzia mwaka 1971 hivi aliwaongoza wenziwe katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor, na chini ya ngome yake akachora vyumba na njia zenye mazimwi na hazina. Mhusika aliyenusurika katika mchezo wa jana aliendelea kuishi katika mchezo wa leo, akizidi uwezo. Mwaka 1972 Arneson aliyapeleka mambo hayo Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, kwa Gary Gygax, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa, pamoja na Jeff Perren, kanuni za vita vya kale ziitwazo Chainmail. Gygax alikuwa mwandishi asiyechoka. Aliyapanga aliyoyapokea, akaongeza yake mengi, na Januari 1974 kampuni ndogo aliyoianzisha na rafiki yake Don Kaye ikatoa Dungeons & Dragons, yaani Magereza ya Chini ya Ngome na Majoka: vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000, bei yake dola 10.

Jalada la vijitabu hivyo liliahidi kanuni za michezo ya vita ya zama za kati zenye maajabu. Halikuahidi hadithi. Mtu wa ramani aliitwa mwamuzi, kama huko Prussia. Mhusika alipanda daraja kwa kuua mazimwi na, zaidi sana, kwa kuitoa dhahabu shimoni, maana kila sarafu ya dhahabu ilihesabiwa kuwa alama ya uzoefu. Kanuni hii ndogo ilikuwa na matokeo makubwa. Mchezaji mwerevu aliepuka mapigano, kwa kuwa zimwi lilimletea alama chache na hatari nyingi. Alitafuta njia ya kulihadaa, kulilaza, kulipita kwa nyuma, akaondoka na mali. Wahusika walikufa ovyo. Aliyefiwa alichukua karatasi nyingine, akatupa dadu, akaanza upya. Mwaka 1975 Gygax aliandaa kwa ajili ya mashindano pango lenye mitego ya kutisha, lililochapishwa mwaka 1978 kwa jina la Tomb of Horrors, ambamo kugusa kitu pasipo kufikiri kulitosha kumwangamiza shujaa wa miaka mitatu. Hapakuwa na rufani.

Wapo wanaoudharau uchezaji huu wakisema ni kuhesabu sarafu na maiti. Hatuafikiani nao. Mwindaji haendi porini kutafuta hadithi. Huenda kutafuta kitoweo, na hadithi humfuata nyumbani. Wachezaji wa miaka ile walipokutana walisimuliana mambo yaliyowapata kama watu waliotoka safari ya kweli, na hawakuwa wakijisifu kwa uongo: mlango ule waliuchagua wenyewe, na dadu ile ilianguka hivyo mbele ya macho ya wote. Hadithi ya namna hiyo ina ladha ambayo haiwezi kutungwa. Ila ina kasoro yake pia, nayo ni kwamba mara nyingi haiji. Jioni nzima yaweza kupita katika kupima kuta na kugawana mishumaa.

Wasomi wa vyuo, wapenzi wa riwaya, na vijana waliokwisha kuisoma kazi ya Tolkien mara tano, walipoupokea mchezo huo, walitaka kitu kingine. Kuanzia Juni 1975 Lee Gold wa Los Angeles alikusanya na kusambaza jarida liitwalo Alarums & Excursions, ambalo wachangiaji wake waliandika kila mmoja kurasa zake na kujibizana mwezi hata mwezi. Humo, mwalimu wa lugha angefurahi, watu walianza kuulizana maswali ya fasihi bila ya kuyaita hivyo: mhusika ni nani? Je, ni haki mchezaji mwenye akili nyingi kumchezesha mhusika mjinga kwa werevu wake mwenyewe? Mwamuzi akiona kwamba dadu itamwua shujaa kwa upuuzi, aifiche? Mwaka 1980 Glenn Blacow alijaribu kuyapanga mabishano hayo katika jarida la Different Worlds. Aliwagawa wachezaji mafungu manne: wanaotafuta ukuu wa mhusika wao, wanaoipenda mbinu ya vita, wanaoingia katika nafsi ya mhusika, na wanaoitaka hadithi. Mgawanyo huo umerudiwa na kurekebishwa na wengi tangu hapo, na tunakiri kwamba kila marekebisho tuliyoyasoma yametufanya tumheshimu zaidi yule wa kwanza.

Mapinduzi yenyewe yaliletwa na mtu na mkewe. Tracy na Laura Hickman, waliokuwa wakiishi Utah, walichoshwa na mapango ambamo zimwi hukaa chumbani bila ya sababu likingoja kuuawa. Waliandika michezo ambayo kila jambo lilikuwa na chanzo chake. Katika Ravenloft, iliyotolewa mwaka 1983, adui ni mnyonyadamu aitwaye Strahd, na ana historia, ana mapenzi yaliyomharibu, ana haja anayoitafuta. Lakini twapenda ionekane kwamba Ravenloft bado ilikuwa mchezo kamili: mahali pa silaha muhimu, na hata nia ya Strahd mwenyewe, viliamuliwa kwa kuchanganya karata kama mpiga ramli, hivyo kila kundi lilipata mwendo wake.

Mwaka uliofuata mizani ilielemea upande mmoja. Kampuni ilianza kutoa mfululizo wa Dragonlance, vitabu zaidi ya kumi na viwili vya mchezo vilivyosimulia vita vimoja vikubwa tangu mwanzo hadi mwisho, na wakati huo huo riwaya za habari hizo hizo, zilizoandikwa na Margaret Weis pamoja na Tracy Hickman. Riwaya ya kwanza ilitoka mwaka 1984. Wachezaji waliombwa wawachukue wahusika wale wale wa riwaya. Hapo likazuka tatizo ambalo fanani wa kawaida halijui. Ikiwa shujaa anahitajika katika kitabu cha nane, itakuwaje akiuawa na dadu katika kitabu cha kwanza? Dawa iliyotolewa ilikuwa ya ajabu: mwongozaji aliagizwa kwamba wahusika wenye majina makubwa wakifa, kifo chao kiwe cha mashaka, labda kuanguka kwenye genge pasipoonekana mwili, ili waweze kurudi baadaye wakiwa hai na maelezo yao.

Fanani, basi, alikuwa amerejea, na safari hii ameshika kitabu kilichopigwa chapa. Riwaya ziliuzwa kwa mamilioni, na vijana wengi waliingia katika mchezo kwa mlango huo. Lakini mezani yalianza malalamiko ambayo hayajaisha. Wachezaji wana jina lao la mchezo usiokuwa na njia ya pembeni: huuita reli. Msafiri wa garimoshi huona mandhari nzuri dirishani, tena huenda asichoke. Ila akitaka kushuka kabla ya kituo hataweza. Je, mtu huyo anacheza? Sisi twaona kwamba hachezi. Anasikiliza, na kusikiliza ni jambo jema lenye heshima yake. Ila asiambiwe kwamba dadu aliyopewa mkononi ina kazi.

Isidhaniwe kwamba kila aliyetaka uigizaji alipanda reli. Wapo walioipata njia kwa kuzigeuza kanuni zenyewe. Mwaka 1981 Sandy Petersen alitoa Call of Cthulhu, mchezo unaotokana na masimulizi ya kutisha ya H. P. Lovecraft. Humo mhusika ana akiba ya akili timamu iliyoandikwa kwa tarakimu, na kila aonapo jambo lisilostahili kuonwa na binadamu, dadu hutupwa na akiba hupungua. Hakuna mtu anayemlazimisha mchezaji aigize hofu. Tarakimu zinapoteremka, hofu huja yenyewe, hata kwa mchezaji asiyejua kuigiza. Miaka minne baadaye, 1985, Greg Stafford alitoa Pendragon, juu ya mashujaa wa Mfalme Arthur. Tabia za shujaa ziliandikwa mbili mbili kama pande za mizani: ukarimu na uchoyo, rehema na ukatili, kiasi na anasa. Ukiongezeka upande huu hupungua ule, na wakati wa majaribu dadu yaweza kumwambia mchezaji kwamba shujaa wake, apende asipende, amekasirika. Wengine waliiona kanuni hii kuwa ni kumnyang'anya mchezaji nafsi yake. Mtu aliyepata kujiapia kwamba hatajibu tusi, kisha akalijibu, ataelewa Stafford alikuwa akitafuta nini.

Japani ugomvi ulizaa utanzu wa maandishi. Kuanzia mwaka 1986 gazeti la Comptiq lilichapisha kumbukumbu za mchezo uliochezwa na kundi la waandishi, Ryo Mizuno akiwa mwongozaji: maneno ya wachezaji yakiwa yamepangwa kama mazungumzo ya tamthilia, pamoja na mizaha yao na dadu zao mbaya. Wasomaji waliyapenda, na kutokana nayo Mizuno akaandika riwaya za Record of Lodoss War. Pale Marekani riwaya na mchezo viliandaliwa pamoja, na mchezo ukalazimika kuifuata riwaya. Hapa mchezo ulitangulia, na riwaya ikaja nyuma kuokota. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini kwetu sisi ndiyo kiini cha habari yote.

Mwaka 1991 Mark Rein-Hagen na kampuni ya White Wolf walitoa Vampire: The Masquerade. Mchezaji hakuwaua wanyonyadamu. Yeye mwenyewe alikuwa mmojawao, akipigania kisichosalia cha ubinadamu wake katika miji ya leo. Mchezo huu uliwaleta mezani vijana wengi wasiopata kujali majeshi wala mashimo, wanawake wakiwa wengi kuliko ilivyozoeleka. Na mtu wa ramani sasa aliitwa Msimulizi. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita jambo hili kimya. Mwaka 1974 aliitwa mwamuzi. Punde akaitwa bwana wa gereza la chini, jina lililowekwa rasmi juu ya jalada la kitabu chake cha mwaka 1979. Katika Call of Cthulhu ni mtunzaji, yaani mtunza siri. Sasa msimulizi. Kiti ni kile kile na ramani ni ile ile, lakini mwamuzi hapaswi kujali nani atashinda, ilhali msimulizi ana mwisho anaoupenda moyoni. Kitabu kiliongeza kwamba kanuni ya kwanza ni kutofungwa na kanuni. Twaona hilo lilikuwa jambo la kusikitisha katika kitabu kilichosheheni kurasa za silaha, nguvu na majeraha: hadithi ilisifiwa katika utangulizi, kisha ikaachwa bila chombo, na msimulizi akaachiwa aibebe kwa mabavu.

Wenye kuukosoa mtindo huo walitoka pande mbili zisizopatana. Upande mmoja walikuwa watunzi kama Ron Edwards, aliyedai katika insha zake za tangu mwaka 1999 kwamba kanuni si pambo, bali ndizo ziamuazo ni mchezo wa namna gani utakaotokea. Na baada yake Vincent na Meguey Baker, ambao mchezo wao Apocalypse World wa mwaka 2010 unamkataza mwongozaji kuandaa mwisho, akitakiwa acheze ili naye ajue litakalotukia. Upande wa pili walikuwa wapenzi wa ukale. Mwaka 2006 walitoa OSRIC, wakizifufua kanuni za Gygax za miaka ya 1970, pamoja na mashimo yake, dhahabu yake na vifo vyake visivyo na rufani. Makundi haya mawili hayakupendana hata kidogo. La kwanza lilitaka hadithi na la pili lilitaka mchezo mtupu. Walakini ukiyasoma maandishi yao pamoja utagundua kwamba adui wao ni mmoja, naye ni yule mtu mwenye mwisho mfukoni.

Mwaka 2015 mambo yaligeuka tena. Waigizaji wa sauti wa Marekani, wakiongozwa na Matthew Mercer, walianza kuonyesha mchezo wao moja kwa moja kwa watazamaji chini ya jina la Critical Role. Wanaigiza kwa sauti, kwa machozi, kwa ustadi wa watu wanaokula kwa kazi hiyo. Mwaka 2019 walipoomba mchango wa kutengeneza filamu ya katuni, wapenzi wao walitoa zaidi ya dola milioni 11. Kwa hiyo baada ya miaka arobaini na mmoja ya kuiondoa hadhira na kumpa kila mtu mhusika wake, mchezo umepata hadhira iliyokaa kimya upya. Hatulaumu. Lakini twasikia wachezaji wa kawaida wakiona haya kwa kuwa hawawezi kulia kama wale, na hilo ni sawa na kuacha kupiga mpira mtaani kwa sababu umeuona wa Kombe la Dunia.

Tumesema kwamba jambo hili latuhusu, nasi tusilikimbie. Sisi wenyewe tulijaribu. Ijumaa baada ya masomo tuliwakusanya wanafunzi sita, pasipo kitabu chochote, na dadu moja iliyotolewa katika mchezo wa ludo. Tuliweka habari katika karne ya 19: msafara unaotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, njia iliyokifikisha Kiswahili bara. Mmoja alikuwa mkuu wa msafara, wengine wapagazi, mmoja mganga, na msichana mmoja mpole, ambaye darasani hatukupata kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo, alichagua kuwa mkalimani. Wiki ya tatu alikuwa akijadiliana na watoza hongo kwa Kiswahili ambacho hatukumfundisha sisi. Wiki ya tano walifika mto Malagarasi. Walibishana juu ya mtumbwi, wakaupakia kupita kiasi, tukawaonya, wakasema twende. Mkalimani akatupa dadu. Ilibingirika hadi mbele yetu, nasi tukaifunika kwa kiganja kabla hawajaiona.

Ilikuwa moja.

Tulijua ni nini tungepoteza. Kumpata mtoto huyo azungumze kulituchukua miezi, na uongo mdogo tu ungetosha: mbili, au tatu, nguo zimelowa, safari inaendelea. Wenzake walikuwa wakitutazama usoni, si mkononi. Tuliinua kiganja. Alikitazama kidoti kimoja kile, akakunja karatasi yake mara nne, akatoka bila ya kuaga, nasi tukalala usiku ule tukijiona tumefanya ujinga.

Ijumaa iliyofuata alikuja amechelewa, na karatasi mpya. Alisema yeye sasa ni mdogo wake marehemu, ametembea siku tisa kutoka Tabora kuufuata msafara, na anadai ujira wa nduguye uliosalia, doti kumi na mbili za merikani, hesabu yake hii hapa. Alikuwa ameiandika kurasa mbili, mwezi kwa mwezi, pamoja na mashahidi. Mkuu wa msafara aliisoma, akatutazama sisi kana kwamba tungemsaidia, kisha akaomba apewe muda ashauriane na wapagazi.